Watoto watoke nje, lakini warudi palepale

Mtoto wa darasa la kwanza hadi la tatu anatakiwa kujifunza nje ya darasa kila wiki, na ajifunzie mahali palepale. Nakazia hiyo "palepale" kwa sababu kuhusu kutoka nje siku hizi hatubishani sana. Wazazi wanakubali, walimu wanakubali. Kinachofuata baada ya kukubaliana ndicho kinachonisikitisha: basi linakodiwa, watoto wanapelekwa hifadhini au bustani ya wanyama mara moja kwa mwaka, wanapigwa picha, wanarudi wamechoka, na somo la mazingira linahesabiwa kuwa limekwisha.

Safari sizipingi, zina raha yake. Ila mtoto wa miaka saba hapati mengi kutoka kwa kitu alichokiona mara moja, tena kwa mbali, huku anahimizwa asiachwe nyuma. Mtoto huyo anahitaji kipande cha ardhi anachokijua. Pembe ya uwanja yenye mti mmoja, majani makavu na mawe machache inatosha kabisa kwa mwaka mzima.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote linataka kamba tu. Kata kamba ya mita 2, funga ncha zake, ilaze chini iwe duara. Watoto wawili kwa kila duara, kila mmoja na daftari na penseli. Kazi yao ni kutazama kilichomo ndani ya kamba na kukichora. Dakika za mwanzo ni ngumu kwa mwalimu kuliko kwa watoto, maana atasikia kutoka kila upande, "Mwalimu, hapa hakuna kitu!" Anyamaze. Asiwaoneshe. Muda si mrefu mmoja atainama zaidi, atamwona sisimizi anaburuta bawa la nzi, na mwenzake atagundua kwamba sisimizi wote wanapita njia moja ingawa hakuna mstari wowote unaoonekana. Wanaijuaje njia?

Swali hilo likitoka kinywani mwa mtoto, usilijibu. Mwambie apitishe kidole kwenye udongo, akate njia yao, kisha atazame. Sisimizi wanafika pale wanasita, wanazungukazunguka, wanapapasa kwa vipapasio, hadi mmoja avuke na wengine wamfuate. Sasa ndipo umweleze kwamba wanafuata harufu wanayoiacha chini wenyewe, na kidole chake kimeivuruga. Maelezo yale yale yakitolewa ubaoni yanaingia sikio hili na kutokea lile.

Wiki inayofuata kamba inalazwa pale pale. Mvua imenyesha, udongo umelainika, kuna vijirundo vya udongo vilivyoachwa na nyungunyungu, na mbegu iliyochorwa safari iliyopita imepasuka. Mtoto hawezi kuona badiliko la mahali ambapo hajawahi kukaa. Kwangu hoja nzima iko hapo. Kulinganisha, kukumbuka, kuhesabu, kupima, kueleza kwa maneno ambacho mwenzako hakukiona, yote yanahitaji mtu arudi.

Kuna karatasi zinazotumika sana zenye orodha ya vitu vya kutafuta: jani la njano, unyoya, ua, jiwe laini, tia vema. Sizipendi. Watoto wanakimbia, wanatia vema, wanashindana nani amemaliza, na jani lenyewe hawakulitazama. Afadhali jani moja kwa nusu saa.

Mfano mwingine ni jongoo na tandu. Kwa watoto wengi wote ni "mdudu wa miguu mingi", basi. Mweke kila mmoja kwenye chupa angavu iliyofungwa, mwalimu mwenyewe ndiye awakamate, kwa kijiti au kijiko, kwani tandu anauma na jongoo hutoa majimaji yanayowasha macho. Halafu waulize watoto: kwenye pingili moja ya mwili kuna miguu mingapi? Wataminya macho, watabishana, wataomba lenzi ya kukuzia. Tandu ana jozi moja kwa kila pingili, jongoo ana jozi mbili kwenye pingili zake nyingi. Kisha watazame mwendo. Mmoja anachomoka kama mshale kwa kuwa ni mwindaji, mwingine anajikokota kwa kuwa chakula chake, majani yanayooza, hakimkimbii. Mtoto akiliunganisha hilo mwenyewe, ameanza sayansi kwa haki.

Wala watoto si wasindikizaji tu katika kazi hii. Charles Darwin, mwaka 1854, aliona nyuki wakubwa wenye manyoya wakipita njia maalumu karibu na nyumba yake Uingereza na kusita mahali fulani fulani. Aliwapanga wanawe kwenye vituo hivyo wampe taarifa kila nyuki anapopita, na hivyo ndivyo alivyoifuatilia njia yao.

Faida nyingine iko machoni. Huko Guangzhou, China, shule 6 ziliwaongezea watoto wa darasa la kwanza dakika 40 za shughuli za nje kila siku ya shule, na nyingine 6 zikaendelea na ratiba yao ya kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015: baada ya miaka 3, watoto waliopata tatizo la kutoona mbali walikuwa asilimia 30.4 katika kundi la kwanza na asilimia 39.5 katika la pili. Mwalimu mkuu anayesema ratiba imejaa aitazame tofauti hiyo kwanza.

Kuhusu usalama, wazazi wana haki ya kuuliza. Kanuni chache zinatosha zikirudiwa kila mara: mkono hauingii shimoni, hakuna kinachoingia mdomoni, mikono inanawishwa kwa sabuni. Jiwe linainuliwa na mtu mzima kwa kuvuta ukingo wa mbali kumwelekea yeye, ili jiwe libaki kati yake na chochote kilichojificha chini, kisha linarudishwa lilivyokuwa, kwa sababu ni nyumba ya mtu. Darasa likiwa kubwa, ligawanywe; nusu watoke, nusu wabaki wakisoma na mwalimu mwingine.

Na mwalimu asiogope kusema "sijui, tutazame." Wengi hawatoki nje kwa hofu ya kuulizwa jina la mdudu wasiyemfahamu. Jina litatafutwa baadaye. Swali la kwanza liwe "unaona nini?"

Ombi langu kwa shule ni dogo: kipindi kimoja kwa wiki, siku ileile, na daftari moja la nje ambalo mtoto atapanda nalo kutoka darasa la kwanza hadi la tatu bila kutupwa kila mwisho wa mwaka. Manyunyu yasiwe kisingizio. Radi ikipiga, bakini ndani, na kesho yake mtoke mapema mkaone imebadilisha nini.