Namba tatu ndiyo inayoua

Dhoruba ikishapiga milima ya Colorado, sisi tunaoishi Denver tunajua kinachofuata. Theluji inakatika, jua linatoka, mbingu inatakata, na barabara ya I-70 inafurika magari yaliyofunga skii juu ya paa. Wengi wanaelekea kwenye vituo vya michezo, ambako wafanyakazi huamka alfajiri kulipua miteremko kwa baruti ili kinachotaka kuporomoka kiporomoke kabla wageni hawajafika. Hao sina neno nao. Ninaowahofia ni wale wanaopita vituo hivyo na kupanda milima isiyo na mlinzi, wakitafuta theluji ambayo haijakanyagwa. Siku hizi wamo na vijana wetu waliokulia hapa.

Muulize mmoja wao kuhusu hatari ya maporomoko ya theluji, atakuonyesha ngazi ya siku hiyo kwenye simu: "Leo ni tatu tu, anko." Kwa kuwa ngazi za hatari ziko tano, tatu anaiona kama alama ya wastani kwenye mtihani. Hapo ndipo tunapogombana. Ngazi ya tatu inakuambia kuwa, kwenye miteremko yenye kasoro, mtu kuangusha theluji kwa uzito wake ni jambo la kutarajiwa. Siku za nne na tano maporomoko hujiangukia yenyewe, kila mtu anaogopa, wengi wanabaki nyumbani. Ndiyo maana Uswisi na Marekani vifo vingi hutokea siku za tatu. Na mara nyingi mno, karibu 9 katika 10, poromoko lililoua lilianzishwa na marehemu mwenyewe au mwenzake. Kwa hiyo habari za "mlima umeua" huwa sizipendi.

Kinachowaponza ni lile jua. Mawingu yameondoka, lakini upepo bado unafanya kazi. Unakomba theluji upande mmoja wa mlima, unaivusha kileleni na kuimwaga upande wa pili, ambao unaweza kupokea theluji mara kadhaa ya ile iliyoshuka kutoka angani. Njiani chembe zinavunjika vipande vidogo, zikitua zinashikana na kuwa bamba gumu. Chini yake Colorado ina ugonjwa wake: theluji haba ya Novemba, ikikaa kwenye baridi kali ya usiku, hugeuka punje kubwa zisizoshikana, kama sukari. Weka bamba juu ya sukari, kwenye mteremko wa nyuzi 30 hadi 45, kinachosubiriwa ni mguu wa mtu. Wakati mwingine mlima unatoa taarifa: mshindo mzito chini ya miguu, theluji inadidimia kidogo, ufa unakimbia mbele ya skii. Ukiona hivyo, geuza papo hapo. Habari za kupiga video ziache.

Tena si lazima uwe juu ya mteremko wenyewe. Tarehe 20 Aprili 2013, karibu na Loveland Pass, wanaume sita walikuwa wakipita chini ya mteremko wa Sheep Creek. Walijua una hatari, walikuwa na vifaa, na walikuwa wanaelekea mahali walipoona ni salama zaidi. Hatari ya siku hiyo ilikuwa ngazi ya tatu. Bamba likakatika juu yao, wakafa watano. Wa sita alinaswa kwenye theluji kwa saa kadhaa hadi waokoaji walipomfikia. Colorado haikuwa imeona poromoko lililoua watu wengi hivyo tangu 1962.

Vifaa vibebwe, ndiyo: kile cha mawimbi ya redio kinachovaliwa mwilini ili wenzako wajue ulipofukiwa, fimbo ndefu ya kudungia theluji kumtafuta aliyefukiwa, na koleo. Lakini fanya hesabu. Aliyefukiwa akitolewa ndani ya dakika kama 15, ana nafasi nzuri ya kupona. Zikizidi, nafasi inaporomoka haraka. Helikopta ya mjini haitafika. Atakayekufukua ni mwenzako, kama naye hajafukiwa. Duka linalokuuzia kwa bei kubwa mfuko wa hewa, ule unaobebwa mgongoni na kufumuka ili usifukiwe, halitakueleza hayo.

Mpwa wangu ameniuliza basi waende wapi. Waende kwenye miteremko ya chini ya nyuzi 30, isiyo na mwinuko mkali juu yake; simu hiyo hiyo inapima. Anasema huko hakuna raha, bora wasubiri siku mbili theluji itulie. Iliyoletwa na upepo huenda ikatulia. Ile sukari ya chini hukaa wiki nyingi, wakati mwingine hadi majira ya kuchipua. Wale wa Sheep Creek walifariki Aprili.