Paka wa Huduma kwa Wateja

Naomba niongee mwenyewe kabla hii video haijafika Mbeya, maana naona mshikaji wangu keshaimwaga kwenye grupu la mtaa, grupu la kazini, na sijui nani kamtuma aipeleke mpaka kwenye grupu la harusi ambako kuna wazee wa heshima na michango yao. Na kaimwaga vibaya. Kasema nilizimia kwa ajili ya paka. Sikuzimia. Nilijizimisha. Kuna tofauti, ingawa kadiri ninavyoandika naona haina faida sana kwangu.

Wanaomjua Waziri wanamjua. Kwa wageni: ni paka, mweupe mwenye mabaka ya rangi ya chungwa, mnene, mwizi. Pale tulipopanga Mabibo kila chumba kina kesi naye, mama wa chumba cha mbele anamdai vibua viwili tangu Ramadhani na kila nikipita na ndoo ya maji ananikumbusha. Kwaiyo harusi ya binamu Unguja ilipopangwa, siku nne nzima, nikazunguka mlango kwa mlango kuomba mtu wa kubaki naye. Mwenye nyumba akanijibu kwa upole kabisa, "We nenda tu baba, ila ukirudi usiniulize."

Kumtia kwenye begi haiwezekani, bandarini mabegi yanapita kwenye mashine na sitaki hata kuwaza yule dada wa skrini angeona nini. Jamaa wa dirisha la tiketi nilimuuliza kistaarabu, akasema mnyama anasafiri kama mzigo, ndani ya boksi, na karatasi ya daktari wa mifugo juu. Waziri awe mzigo? Huyu analalia mto wangu, mi nalalia fulana.

Hapo ndo nikaanza kutumia akili. Mabaya yangu yote huwa yanaanzia hapo.

Usiku naperuzi, nakutana na video za Wazungu wanapanda zile meli za kitalii, zile ghorofa zinazoelea zenye mabwawa ya kuogelea juu, ambazo mojamoja huwa tunaziona zimetia nanga hata hapa kwetu. Basi kuna mama ana kijibwa kimevaa kizibao chekundu, anapita getini kama naibu waziri, hakuna anayemgusa. Nikachimba. Kumbe Marekani wana sheria ya watu wenye ulemavu, ya mwaka 1990, na mtu wa getini akikuona na mbwa na haelewi yuko na wewe kwa nini, anaruhusiwa maswali mawili tu: huyu mnyama anahitajika kwa sababu ya ulemavu? Na amefundishwa kufanya kazi gani? Basi. Haruhusiwi kudai makaratasi. Haruhusiwi kusema haya, mwambie afanye kazi yake tuone. Hiyo ya mwisho ishikeni, tutaihitaji. Sasa wajanja wa kule wakaona mwanya, wakawa wananunua vizibao mtandaoni, wanavalisha mbwa wao wa nyumbani ambaye kazi yake ni kula na kubweka, wanasema ni mnyama wa huduma.

Mi nikafunga simu hapo hapo, nikalala na furaha. Laiti ningeshusha kidole kidogo! Chini pale pale wameandika kuwa hiyo huduma ni mbwa tu, na farasi wadogo kwa masharti yao, paka hayumo hata kwa kusingiziwa. Kwamba mnyama wa kukuliwaza tu hahesabiki, kampuni kubwa za meli hizo hazimtaki kabisa. Kwamba mbwa wa kweli, yule anayemwongoza kipofu, kuna meli zinamtengea mpaka sanduku la futi 4 kwa 4 lina maranda ya mbao, choo chake. Na kwamba Januari 2018 pale uwanja wa ndege wa Newark, Marekani, kuna dada alitaka kupanda ndege na tausi wa kumliwaza wakamkatalia, halafu kuanzia Januari 2021 mashirika ya ndege ya kule yakaruhusiwa kuwachukulia hao wa kuliwaza kama wanyama wa nyumbani tu. Tausi, jamani. Angalau mimi nilikuwa na paka. Haya yote nimeyasoma leo asubuhi, yakiwa hayanisaidii kitu.

Nikaenda Kariakoo. Nikanunua reflekta ya bodaboda, nikampelekea fundi mmoja anayedarizi sare za maofisini, nikampa vipimo vya Waziri (akauliza ni mtoto wa miezi mingapi, nikasema minane), nikamwambia mgongoni andika HUDUMA. Sikumwambia ya paka, niliona aibu. Shilingi elfu kumi na mbili. Jioni nafuata mzigo, kazi safi, uzi wa dhahabu, kaandika HUDUMA KWA WATEJA.

Namuuliza mzee vipi, anasema, "Kijana, huduma peke yake haina maana, mi sare naandika kila siku, nimekumalizia bure."

Boti ilikuwa jana saa sita na nusu. Hakuna muda wa kufumua uzi. Nikajiambia nani atasoma mgongo wa paka.

Watu wote, jamani. Kuanzia tunashuka mwendokasi Kivukoni, wale wapiga debe wa tiketi badala ya kunivuta mkono mimi wanamfuata paka. Mmoja alichuchumaa kabisa, "Samahani bosi, boti ya saa tisa na nusu imejaa?" Mshikaji wangu, huyu huyu msambazaji, alikuwa kashaanza kurekodi tangu mbele ya kanisa la Mtakatifu Yosefu. Nikamwambia zima. Akasema imezimwa. Mnaiangalia sahivi hiyo iliyozimwa.

Sasa getini. Kuna mama mmoja wa makamo, miwani imeshukia puani, kitambulisho shingoni, yani yule mama ambaye ukimwona tu unakumbuka deni la kikoba. Kaangalia tiketi yangu, kaangalia kwapa langu.

"Huyo nani?"

"Paka wa huduma, mama. Nina matatizo kidogo ya kiafya."

Akamgeuza Waziri taratibu kwa kalamu, akasoma mgongo. Hakucheka. Angecheka ingekuwa nafuu.

"Anahitajika kwa ajili ya ugonjwa?"

"Ndio mama. Moyo unashtuka shtuka, napata hofu, hasa kwenye maji."

"Na amefundishwa kazi gani?"

Nikaganda. Yale yale maswali mawili! Huyu mama sidhani kama kawahi kuisoma hiyo sheria ya watu, kayatoa kichwani mwake, kwa mpangilio ule ule, na mimi niliyekesha nayasoma, la pili sikuwa nimeliandalia jibu. Nikasema, "Ananituliza." Nyuma yangu mama mmoja wa baibui, ana hotpoti yake, akasema kwa sauti ile ya Unguja ya taratibu, "Mwanangu, sote tuna presha hapa, mbona hatujabeba mapaka?"

Foleni ikaangua kicheko. Akatokea mzee wa balaghashia kunitetea, Mungu ampe maisha marefu, akasema jamani msicheke, pale Morogoro, kwenye chuo cha kilimo cha Sokoine, wanafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, kuna mmoja alikwenda Kambodia kafanya kazi mpaka Waingereza wakampa medali ya dhahabu mwaka 2020. "Kama panya anaweza, paka ashindwe?"

Mama wa geti akavua miwani. "Panya amesoma, mzee wangu. Huyu amesoma wapi?"

Halafu akanigeukia. "Haya, kaka. Shtuka basi. Tuone anavyotuliza."

Nilitaka kumwambia sheria inakataza kudai maonyesho. Mdomo ulifunguka kabisa. Ila sheria ya wapi? Ningesema ya Marekani, niko Kivukoni, nina kandambili mguuni na soksi juu yake kwa ajili ya baridi ya boti? Foleni imejaa, watu wamenyamaza, simu zimeinuka, mshikaji ananikonyeza kama ananipa moyo. Nikamweka Waziri chini polepole. Nikashika kifua. Nikapiga magoti kwanza, niligoma kuanguka moja kwa moja nisije nikavunja simu (kwenye video inaonekana, naitoa mfukoni, naiweka pembeni vizuri, ndo nalala). Nikalala.

Vigae vya pale ni vya baridi. Nimefumba jicho moja, lingine nimeliacha wazi kidogo niangalie huduma. Waziri kakaa. Kaniangalia, namna fundi anavyoangalia friji uliyomwitia huku anajua imekufa mazima. Akalamba mguu wa mbele, akalamba na wa pili, hana haraka, mi natetemeka pale chini namnong'oneza "ps ps ps, Waziri, baba, njoo." Akaja. Nikasema alhamdulillah. Akapanda kifuani kwangu, miguu yote minne, watu wakasema "Ooooh" kama wameona muujiza, mpaka mama wa geti akainama kidogo, na mi kwa sekunde mbili, nawaapia, nilijiona niko Unguja nakula biriani.

Akapita tu. Kifua changu kilikuwa njia. Akashukia upande wa pili na nikasikia mfuniko wa hotpoti.

Hapo ingefaa niinuke. Ila sasa watu wema wakaingia kazini, maana kumbe nusu ya foleni iliamini. "Mpeni hewa!" na wote wakainama kuichukua hiyo hewa. Mmoja kanilegeza mkanda. Mmoja kanimwagia maji ya chupa, ya baridi, kutoka kwenye friji. Mmoja kanivua kandambili na soksi, na soksi ya kushoto ina tundu, dole gumba liliwahi kutoka kabla yangu. Yule yule mzee wa panya akakaa kichwani kwangu akaanza kunisomea Yasini. Yasini! Nikajua hapa nimeshazikwa. Kila nikitaka kuamka nafikiria, nikiamka nawaambiaje?

Ndo nikasikia matairi.

Walikuwa wameleta kiti cha matairi. Na kile kiti kilikuwa na mwenyewe. Kuna bibi alikuwa anasukumwa kuingia botini, goti limefungwa bandeji, na wajukuu wake wawili wamemshika huku na huku wanamteremsha, na anasema, "Mpeni tu huyo mtoto, mimi nitasimama." Jicho langu lile la wazi likagongana na la kwake. Bibi mdogo hivi, kashika ukuta, mguu mmoja kaunyanyua kama kuku. Akanitabasamia. Akasema, "Pole mwanangu."

Nikasimama. Nikasema, "Nimepona."

Kimya. Mzee wa Yasini alikatikia katikati ya aya. Maji yananichuruzika, mkanda uko wazi, nimeshika suruali kwa mkono mmoja, mkono mwingine nimemshika bibi namrudisha kitini kwake, naomba radhi, naomba radhi, nadhani nilimwambia "shikamoo" mara nne. Mama wa geti hakunipandishia sauti hata kidogo. Akaniuliza tu, "Paka ndo kakutuliza?"

Tukageuka wote. Waziri yuko ndani ya hotpoti mpaka mabegani, nje kumebaki mgongo na yale maandishi ya dhahabu.

"Naona yuko bize na wateja," akasema mama wa baibui.

Hayo mengine mafupi. Kuku nimelipa elfu kumi na tano. Mama wa geti alisema mi naruhusiwa, paka haruhusiwi, nikakaa njia panda mpaka boti ikapiga honi. Mshikaji akapanda. Mtu tuliyekula naye ugali miezi sita, akapanda, akanipungia kwenye ngazi huku anarekodi, na kabla hajafika bandari ya Malindi kule Unguja bi harusi mwenyewe kashanipigia kuniuliza moyo unaendeleaje. Bajaji kutoka Posta, dereva kasoma mgongo wa Waziri akaniuliza kama tunaajiri. Harusi ni leo usiku, wanakula saa mbili, msinitumie picha.

Bibi nimeambiwa alifika salama, mshikaji alimbebea begi. Kasema anamsalimia yule kijana mgonjwa. Hajui bado, au anajua, sijui, sitaki kuuliza.

Waziri yupo mlangoni hapa. Kizibao nimejaribu kumvua mara tatu, ananiparua, kakipenda. Na sahivi tu navyoandika kapita mama wa chumba cha mbele, kasimama, kasoma mgongo, kasoma tena kwa kutamka, akarudi ndani kwake, ametoka na kigoda. Kakaa mbele ya paka. Anamweleza ya vibua.