Matundu Matatu Hayatoshi Kuhukumu Bunduki

Kuna picha inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya wawindaji: karatasi ya shabaha, matundu matatu yaliyogusana, sarafu ya shilingi mia mbili pembeni, na maneno "bunduki ya dukani hiyo, haijaguswa". Hongera sana. Kilichonikera si picha yenyewe. Jamaa yangu, mwenye bunduki ya kuwindia ya kipimo cha .30-06, nzuri tu, aliiona akaenda kujaribu yake. Ikamtupia matundu matatu yaliyotawanyika kama sentimita sita kwa mita 100, naye akakimbilia kwa fundi. Fundi hakuuliza ni risasi gani. Hakugusa hata skrubu moja. Akasema mtutu umekufa, ubadilishwe, na kwa bei aliyoitaja unapata pikipiki na chenji ya mafuta.

Kwa matundu matatu!

Ngoja tuelewane. Chukua bunduki moja, risasi za pakiti moja, bega moja, upige karatasi kwa makundi ya risasi tatu tatu siku nzima, kila kundi ukilipima kati ya matundu mawili yaliyo mbali zaidi. Utapata kundi la kuweka kwenye fremu na utapata kundi la kuficha mfukoni, na hakuna kilichobadilika zaidi ya bahati. Hesabu yake inajulikana na haina ubishi: bunduki ambayo makundi yake ya risasi tatu yana wastani wa sentimita 3, ukiipigisha makundi ya risasi kumi kumi wastani unapanda hadi karibu sentimita 4.7. Haijaharibika njiani. Ndivyo ilivyokuwa siku zote, ila risasi tatu hazikuipa nafasi ya kujionyesha. Mshambuliaji akifunga penalti tatu mazoezini humpi kiatu cha dhahabu, na akikosa tatu humfukuzi timu. Lakini kwa bunduki tunafanya yote mawili, tena kwa kujiamini.

Viwanda navyo vinalijua hilo vizuri. Weatherby, watengenezaji bunduki wa Marekani, wanaahidi kwamba bunduki yao ya Vanguard itaweka risasi tatu ndani ya inchi 0.99 kwa yadi 100. Tatu, si kumi. Nitawapa haki yao kidogo: angalau wanasema wazi kwamba ni mtutu baridi, na kwamba utumie risasi zao au risasi za daraja la juu. Mwenye picha ya sarafu hakusema lolote, wala hakutuonyesha karatasi alizozitupa.

Najua mtakachosema. Risasi ni ghali, kibali kina idadi yake, nani atachoma risasi kumi kwenye karatasi? Haya, hoja hiyo naikubali, shingo upande. Lakini nani kasema uzipige kwa mkupuo? Mtutu wa bunduki ya kuwindia ni mwembamba. Baada ya risasi tatu nne unapata moto, na mitutu mingine ikipata moto huanza kuhamisha risasi. Halafu porini hakuna anayewinda kwa mtutu wa moto. Pofu, yule mnyama mkubwa wa jamii ya swala, anasimama kwenye upenyo wa miombo, anageuza shingo, una risasi moja, na mtutu umepoa tangu asubuhi. Hiyo ndiyo risasi ya kupima. Bandika karatasi, piga mbili, funga bunduki, kunja karatasi uondoke nayo. Siku nyingine bandika karatasi ileile palepale, piga mbili tena. Usiguse vizungushio vya darubini katikati ya zoezi. Matundu yakifika kumi una picha kamili: ukubwa wa kundi, na pia kama bunduki inahama kati ya siku na siku. Umetumia nusu ya pakiti ya risasi ishirini, na umejua zaidi ya kinachojulikana na kundi zima la WhatsApp.

Kwa nini napandisha sauti kwa jambo la matundu? Kwa sababu nimekaa na watu wa kambi za uwindaji vya kutosha. Mgeni akimjeruhi mbogo kisha asipatikane, ada ya mnyama analipa vilevile kana kwamba kampata. Hilo ni la mfuko wake. Lakini anayetangulia kwenye matete kufuata damu ni mfuatiliaji nyayo, ana macho yake na fimbo mkononi, na mwindaji bingwa yuko nyuma yake na bunduki nzito ya .458. Mfuatiliaji huyo hajali kama bunduki ilitoka kiwandani au kwa fundi wa Ulaya. Anataka mpigaji ajue, kwa uhakika, risasi yake ya kwanza inaenda wapi. Ndiyo maana kambini mgeni hawindi kabla ya kupiga karatasi kwanza, hata awe amekuja na bunduki ya bei ya nyumba. Masanduku yanatupwa uwanja wa ndege, darubini zinagongwa, na tiketi ya daraja la biashara haisaidii chochote.

Sasa, karatasi yako ya matundu kumi ikiwa mbaya kweli, anza na vya bure. Skrubu. Hakikisha chemba na magazini ni tupu, shika bisibisi inayokaa sawasawa kwenye mfereji wa skrubu, jaribu zile zinazofunga risiva (kile chuma cha katikati kinachoshika mtutu) kwenye mbao ya bunduki, kisha zile za vishikio vya darubini. Nimeshaona bunduki iliyoitwa mbovu ikiwa na skrubu ya mbele inayozunguka kwa vidole. Mbao hunywa unyevu masika na kusinyaa kiangazi. Kilichokazwa Aprili usikiamini Septemba. Ila usikaze kwa hasira, kuna kipimo chake kwenye kitabu cha bunduki, na ukizidisha unaponda mbao.

Kisha chukua noti, ya elfu moja inatosha, ipitishe kati ya mtutu na mbao kuanzia mbele, uivute polepole kurudi kwenye risiva. Ikipita bila kukwama, mtutu unaelea, yaani hauigusi mbao. Ikikwama upande mmoja, hapo mbao inausukuma mtutu, na ukipata moto au mbao ikivimba msukumo unabadilika, na risasi nazo zinahama. Usikimbilie msasa lakini. Wako watengenezaji walioweka kinundu kwa makusudi karibu na ncha ya mbao, bunduki nyingi za kitambo za Remington 700 zinacho, na baadhi ya mitutu myembamba inakipenda. Weka kwanza vipande vya kadi chini ya risiva ili mtutu uinuke, piga karatasi, uone. Ikipendelea kuelea, ndipo umwite fundi apunguze mbao na kuikalisha risiva kwenye gundi ya epoksi, hasa nyuma ya kile kijino cha chini kinachopokea teke. Hiyo ni kazi ya fundi makini, na bei yake ni ndogo kuliko ya mtutu mpya.

Risasi nazo. Bunduki ileile ya .30-06 inaweza kuzidharau risasi za grein 150 (grein ni kipimo cha uzito wa risasi) na kuzipenda za 180, na hakuna anayeweza kukuambia kabla hujajaribu. Ukibadilisha, sawazisha darubini upya. Wanaochanganya pakiti mbili kwenye magazini moja halafu wanalalamika, sina la kuwaambia.

Triga: nakubali, nyingi za kiwandani ni nzito, kwa sababu kule Marekani kesi za mahakamani zinatisha kuliko simba. Triga nzuri ni pesa iliyotumika vizuri. Lakini triga ya kununua, si ya kupigwa tupa kwenye kibaraza cha mtu. Mwaka 2014 Remington wenyewe, pamoja na mashine zao zote, waliita zirudishwe Model 700 na Model Seven zenye triga ya X-Mark Pro kwa sababu zingeweza kufyatuka bila kuvutwa. Wewe na tupa yako mtafanya nini?

Mdomo wa mtutu ukaguliwe, hasa kama mwenye bunduki aliyetangulia alikuwa anasafisha kwa fimbo ya chuma akiingizia mbele. Shaba inayoachwa na risasi na kuganda ndani isafishwe. Na mpigaji ajipime akiwa amesimama, bunduki ikiwa kwenye fimbo tatu za kuegemea, kisha aniambie nani anatawanya zaidi kati yake na mtutu.

Yakishindikana yote hayo, na karatasi ya mtutu baridi bado inatisha, basi tuzungumze habari za mtutu mpya. Nenda kwa fundi na karatasi hiyo mkononi, uandike pembeni risasi ulizotumia na tarehe. Asipotaka kuiangalia, beba bunduki yako uondoke.