Kabla ya kuongeza wati, hamisha kiti

Ukipita Kariakoo kwenye maduka ya vifaa vya umeme utazikuta sabufa zimepangwa mlangoni kama magunia ya mchele, kila moja na kibandiko chake mbele: 8,000W PMPO, 12,000W PMPO, eti nguvu ya muziki ikifika kileleni. Mwenye duka akiona umesimama anakuwashia moja mpaka kifua kitetemeke. Mimi nina tabia yangu mbaya: naomba kuigeuza. Nyuma, karibu na waya wa umeme unapoingilia, pana kibandiko kingine kidogo ambacho hakuna anayekisoma. AC 220–240V, 50Hz, 60W. Sasa chombo kinachokula wati 60 ukutani kitatoa wapi wati 12,000 za kumwaga hewani? Muuzaji mmoja aliwahi kunijibu bila kupepesa macho: "Kaka, hizo za nyuma ni za umeme, za mbele ni za muziki." Tukacheka wote wawili, nikaondoka zangu mikono mitupu.

Nacheka leo. Pesa nyingi niliyopoteza tangu nianze kujijengea chumba cha kusikilizia muziki nyumbani niliipoteza kwenye wati. Siku hizi rafiki akinipigia kuniuliza anunue amplifaya gani, namwuliza kwanza chumba chake kina urefu na upana gani. Wengine huona nawakwepa.

Chumba changu cha kwanza kilikuwa stoo. Mita tatu kwa tatu, na dari ya jipsamu mita tatu kutoka sakafuni. Nilikipenda kwa sababu kilikuwa cha mraba, kimekaa vizuri machoni. Nikazisimamisha spika mbili ukutani, kiti katikati, nikaweka rekodi ambayo gitaa lake la besi nalijua kama njia ya kwetu. Besi haipo. Mwimbaji yupo, ngoma ipo, solo lipo, besi imehama. Nikainuka kwenda kukagua waya, nikafika mlangoni, besi hii hapa, imejaa tele, imesimama pembeni ya mlango kama mdai. Nikarudi kukaa, ikatoweka.

Nikafanya lile ambalo wengi hufanya, nikaenda kununua sabufa kubwa zaidi. Mlangoni kikawa kishindo, kitini ukabaki upungufu ule ule, na jirani wa upande wa pili wa ukuta akamtuma mtoto.

Kosa halikuwa la spika wala la sabufa. Kwa joto letu la pwani, nyuzi 30 hivi, sauti husafiri kama mita 349 kwa sekunde. Wimbi la hezi 58, yaani mitetemo 58 kwa sekunde, ambalo ni besi ya kawaida kabisa, lina urefu wa mita sita. Chumba cha mita tatu ni nusu yake kamili. Wimbi linagonga ukuta, linarudi, linakutana na lenzake njiani; kutani mgandamizo unarundikana, katikati unafutana. Nami kiti changu nilikuwa nimekiweka pale pale panapofutana. Tena kwa kuwa urefu, upana na kimo vilikuwa sawa, balaa hilo lilijirudia pande zote tatu kwenye noti ile ile. Ukitaka kuhakiki kwako huhitaji mtambo: cheza noti moja nzito isiyokatika, kisha tembea polepole toka ukuta hadi ukuta. Utaisikia ikivimba na kunywea. Kwenye kunywea usikae.

Nilisogeza kiti mpaka mita moja kutoka ukuta wa nyuma. Sikutoa hata shilingi. Sehemu ya besi ikarudi, nikatamani kuirudisha sabufa dukani ila risiti nilishaitupa.

Chumba ninachotumia sasa ni cha wageni, mita 3.6 kwa 4.8. Kukipata kulihitaji vikao vingi kuliko vya mahari. Mama watoto alitoa masharti matatu: kitanda kinabaki, kabati la vyombo linahamia humo maana sebuleni limemchosha, na asione waya hata mmoja ukikatiza mlangoni. Nikakubali yote huku nikinung'unikia kitanda. Kumbe kitanda ndicho kilichokuja kunisaidia kuliko kifaa chochote nilichonunua, maana godoro zito lililokaa nyuma ya msikilizaji linanyonya sauti ambayo ingegonga ukuta na kumrudia kisogoni.

Spika zinatazama upande wa urefu, zimesogezwa kama sentimita 90 kutoka ukuta ulio nyuma yake. Kati ya spika na spika ni mita 2.2, na kutoka kila spika hadi kichwani mwangu ni 2.2 vilevile. Nilipima kwa uzi wa fundi mwashi, kwa sababu macho yanadanganya na sikio halisamehi sentimita tano. Kipimo cha kujua kama umepatia tunacho tayari. Rekodi nyingi za bendi zetu za miaka ya 1970, zile zilizofanyika Radio Tanzania bendi nzima ikipiga kwa pamoja studioni, ni za mono. Mono maana yake spika zote mbili zinasema neno lile lile. Spika zikikaa sawa, mwimbaji husimama hewani katikati, mahali ambapo hakuna kitu, hata ukifumba macho unaweza kumnyooshea kidole. Akiegemea kushoto, rudi kwenye uzi. Mimi ilinichukua jioni mbili na ugomvi mdogo na mwanangu aliyekuwa ameshika ncha ya pili.

Tatizo letu lingine ni jinsi tunavyojenga. Tofali za saruji, plasta laini, marumaru sakafuni, vioo madirishani. Nyumba inapendeza, inasafishika, na inalia kama debe tupu. Piga kofi moja katikati ya chumba kisicho na kitu, usikie ule mlio mkali unaokimbizana ukutani kabla haujafa. Kila silabi ya mwimbaji inakokota mkia huo huo. Ndiyo maana watu wengi huongeza sauti ili wasikie maneno, na kadiri wanavyoongeza, ndivyo mkia unavyorefuka.

Kuna wanaobandika trei za mayai. Naomba tuachane na trei za mayai. Ni karatasi nyembamba, besi inazipita kama hazipo, kinachopungua ni ung'avu kidogo tu wa juu, na mende wanapata makazi. Kinachofanya kazi ni unene. Mimi nilimwomba seremala anitengenezee fremu sita za mbao, sentimita 60 kwa 120, kina cha sentimita 10, nikazijaza sufi iliyotoka kwenye magodoro ya zamani ya marehemu bibi. Nilikaa uani nikiichambua kwa mkono, mbegu upande huu, sufi upande ule, nyuzi zimenijaa puani siku nzima. Juu nikavisha kitambaa cha shuka. Sufi inanyonya sauti vizuri sana, tatizo lake ni kwamba inashika moto haraka, kwa hiyo fremu zangu zimekaa mbali na soketi na humo ndani hapawashwi mshumaa wala udi. Pa kuzitundika nilipapata kwa kioo: ukiwa umekaa kitini, mtu anapitisha kioo ukutani pembeni yako, na pale utakapoiona spika ndani ya kioo ndipo sauti inapodundia. Weka fremu hapo. Lakini usizitegemee kwa besi nzito. Ili kunyonya ile hezi 58 barabara ungehitaji unene wa kama mita moja na nusu, yaani uhame chumba uiachie sufi.

Baada ya hapo ndipo nilipoanza kustahili kifaa kizuri, na bahati yangu nikakiharibu. Zanzibar nilipata amplifaya ya mtumba kutoka Japani, imara, nzito ya kubebwa na watu wawili, taa ya rangi ya kaharabu. Nikaifikisha nyumbani usiku, nikaichomeka. Dakika haikwisha. Mlio kama wa kupasua njugu, halafu harufu. Nyuma, kwa herufi zinazosomeka vizuri tu, iliandikwa AC 100V. Umeme wa Japani ni volti 100, wetu ni 230, na mimi ninayegeuza sabufa za watu Kariakoo sikugeuza ya kwangu. Fundi aliyeifufua alinitoza bei ya haki na maneno machache ambayo siyarudii hapa. Leo inapita kwenye transfoma ya kushushia, na transfoma imepita kwenye stebilaiza, kwa sababu mtaani kwetu jioni volti hushuka hadi unaona balbu inasinzia.

Na wati? Amplifaya hiyo ina 45 kila upande. Spika zangu zikipewa wati moja zinatoa desibeli 88 (desibeli ndiyo kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa umbali wa mita moja, sauti ambayo mkizungumza mnalazimika kupaza. Ukiongeza wati maradufu unapata desibeli tatu tu, tofauti ambayo mgeni anaweza asiitambue. Mpaka sikio likiri kwamba sauti imekuwa mara mbili unahitaji wati mara kumi. Jioni nyingi, basi, nasikiliza kwa wati moja au pungufu, na zile 44 zinangoja harusi. Muziki wetu mwingi hauhitaji zaidi ya hapo. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, teknolojia ya santuri za wakati ule haikuweza hata kubeba besi nzito. Kilichobaki humo ni sauti ya mtu, udi na fidla, vitu vinavyokaa kati ya sauti nzito na nyembamba, na hapo ndipo chumba kinacholia kinapoharibu kila kitu.

Kuhusu waya za bei mbaya sina mengi. Shaba nene kiasi, ncha zilizokazwa, basi.

Kilichobaki kunisumbua ni pangaboi. Likizunguka kwa kasi, mapanga yake yanaitikisa sauti ya kinanda kwa mbali, kama mtu anayeongea mbele ya feni. Likizimwa, dakika ishirini nimelowa shati. Nimejaribu kusikiliza saa saba za usiku kukipoa na bodaboda zikipungua, lakini asubuhi kuna kazi.

Halafu kabati la vyombo. Limesimama ukuta wa kushoto, na kila besi ikigusa noti fulani ya chini, kioo kimoja humo ndani kinaitikia, tiii, sawasawa na pigo. Nimepachika vipande vya kanga chini ya sahani, nimetenganisha bakuli, nimeubana mlango kwa karatasi iliyokunjwa. Nimemsaka mhusika nikiwa nimepiga magoti na tochi ya simu mdomoni, nimempata: glasi ya mwisho ya seti ya harusi yetu, rafu ya juu, nyuma kabisa. Nilipoinyooshea mkono nikasikia sauti kutoka mlangoni, katikati kabisa ya spika mbili, haijaegemea kushoto wala kulia: "Baba fulani, hiyo iache."