Kabla ya Capone kulikuwa na kilabu

Taja marufuku ya pombe ya Marekani popote na jina la kwanza kutajwa litakuwa Al Capone, jambazi wa Chicago aliyeuza pombe ya magendo. Kofia, sigara, bunduki za rashasha, na miili ya wanaume 7 kwenye gereji ya Chicago asubuhi ya tarehe 14 Februari 1929. Walokole walipiga marufuku kinywaji, majambazi wakatajirika, sheria ikafutwa, basi. Sina ugomvi na matukio hayo, yalitokea. Ila hadithi hii wanaianzia katikati.

Mimi naianzia Hillsboro, mji mdogo wa jimbo la Ohio, mkesha wa Krismasi mwaka 1873. Wanawake wapatao 70, wakiongozwa na Eliza Thompson, walitoka kanisani wakiimba wakaenda kwenye vilabu vya mji. Waliingia, wakapiga magoti sakafuni, wakasali na kumsihi mwenye kilabu afunge biashara. Huwa tunawacheka. Lakini walikuwa na kipi kingine mkononi? Kura hawakuwa nayo. Mume akiumalizia mshahara wa wiki kaunta Jumamosi usiku, hakuna ofisi ambayo mke angeenda kudai unga wa watoto.

Na kilabu cha enzi ile hakikuwa kijiwe cha kupumzikia tu. Vingi vilimilikiwa na viwanda vya bia, au vilifungwa navyo kwa mikopo, hivyo mwenye kaunta alitakiwa auze, auze tena. Kibarua alibadilishia humo humo hundi yake ya mshahara. Chakula kilikuwa cha bure, ila kilitiwa chumvi ya kutosha mtu asiondoke na glasi moja. Ukishaielewa biashara ile, zile sala za sakafuni zinaacha kuchekesha.

Upande wa pili nao una hoja nzito, tusiupunje. Sheria iliyoanza tarehe 17 Januari 1920 ilikataza kutengeneza, kuuza na kusafirisha pombe, lakini kunywa halikuwa kosa. Mnunuzi yuko huru, muuzaji ni mhalifu: hapo umemkabidhi soko yule asiyeogopa jela. Mwanzoni serikali kuu iliajiri maajenti kama 1,500 kwa nchi yenye mipaka mirefu kiasi kile. Kule Seattle, luteni wa polisi Roy Olmstead alinaswa akiingiza pombe ya magendo, akafukuzwa kazi, kisha akageuka kuwa mmoja wa waagizaji wakubwa wa pombe kutoka Kanada. Walimpata kwa kusikiliza simu zake, na mwaka 1928 Mahakama ya Juu ya nchi ikabariki usikilizaji huo kwa kura 5 dhidi ya 4. Capone mwenyewe, pamoja na damu yote ile, mwaka 1931 alifungwa kwa kukwepa kodi.

Kuna jambo moja sitalitetea. Majambazi walikuwa wakiiba spiriti ya viwandani na kuisafisha iuzwe kama kinywaji, na serikali ikaagiza itiwe sumu kali zaidi, methanoli ikiwemo, ikijua wazi kwamba kuna watakaoinywa. Krismasi ya 1926 hospitali za New York zilipokea watu waliopofuka na waliokuwa wakikata roho. Charles Norris, mkuu wa uchunguzi wa vifo wa jiji hilo, alipiga kelele hadharani kwamba wanaokufa ni maskini, maana tajiri alikuwa na hela ya wiski halisi. Alikuwa sahihi.

Lakini kuna takwimu moja ambayo kila nikiisoma hadithi ya Capone nairudia. Mwaka 1911, katika kila wanaume 100,000 wa Marekani, 29.5 walikufa kwa ugonjwa wa ini kusinyaa, ule wa walevi. Mwaka 1929, mwaka wa mauaji ya gereji, walikuwa 10.7. Wapinzani husema, na ni kweli, kwamba sehemu kubwa ya anguko hilo ilitangulia mwaka 1920. Sawa, ila iliangushwa na nini? Majimbo mengi yalikuwa tayari na marufuku zao, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia serikali ilibana nafaka ya kutengenezea pombe. Anayeitoa hoja hii anadhani anaipinga marufuku, kumbe anaisogeza nyuma miaka michache tu. Unywaji wenyewe, kwa makadirio ya wachumi, ulishuka mwanzoni hadi karibu asilimia 30 ya ule wa awali, kisha ukapanda hadi asilimia 60 au 70. Kwa hiyo hata baada ya majambazi kujipanga, na baa bubu kujaa mijini, watu hawakuwa wakinywa kama zamani. Bei ilikuwa imepaa, na bia ya kibarua ndiyo iliyopaa kuliko zote. Ini lisilosinyaa halipigwi picha na magazeti. Maiti ya gereji inapigwa.

Kinachonisumbua zaidi ya Capone ni Pauline Sabin. Huyu tajiri wa New York aliiunga mkono marufuku mwanzoni akiamini itawakinga wanawe, akaja kuona vijana wakinywa kwa siri na sheria ikidharauliwa. Mwaka 1929 akaanzisha jumuiya ya wanawake ya kudai ifutwe, naye akatumia hoja ile ile ya Hillsboro, ya kulinda nyumba. Tarehe 5 Desemba 1933 ikafutwa.

Hata hivyo, walichokirudisha hakikuwa kile kilabu cha zamani. Majimbo yalikuja na leseni, saa za kufunga, na masharti ya kukizuia kiwanda cha bia kumiliki baa. Iliwachukua Wamarekani hadi miaka ya 1970 kurudi kwenye kiwango cha unywaji cha kabla ya marufuku.