Uzoefu wako mwenyewe ni utafiti au ni stori tu?

Kuna mwanafunzi mmoja wa masta ambaye rasimu yake ilinipitia mkononi. Anaandika kuhusu yeye mwenyewe, alivyotoka shule ya msingi ya Kiswahili akaingia fomu wani ya Kingereza na yale yaliyompata pale katikati, kazi ikarudishwa na maneno machache tu ya msimamizi wake, kwamba uzoefu wako siyo data, nenda katafute sampuli. Chuo sikitaji, na msimamizi mwenyewe wala sina ugomvi naye, ndivyo alivyofundishwa na waliomfundisha nao walifundishwa hivohivo. Ila hiyo kauli nadhani si sahihi, na nataka niseme kwa nini bila kuwaonea wanaoiamini.

Manake hoja zao si nyepesi. Mtu mzima akisimulia alivyokuwa na miaka 14 anasimulia huku anajua mambo yaliishaje, kwa hiyo anapanga. Mtu mmoja hawezi kusimama badala ya darasa zima. Sara Delamont, mwanasosholojia wa Uingereza, mwaka 2007 aliandika wazi kabisa kupinga utafiti wa kujichunguza mwenyewe, akauita uvivu wa kitaaluma, kwake kazi ya mtafiti ni kutoka akaangalie maisha ya wenzake. Halafu kuna moja ambalo mi naliona kubwa kuliko yote hayo, nalo ni kwamba anayeandika ni yule aliyefika. Yule aliyekaa kimya tangu fomu wani mpaka akapata ziro fomu foo hayupo chuoni kuandika tasnifu. Sa tukikusanya simulizi za waliofika peke yao tutabaki na picha kwamba Kingereza kinatesa mwanzoni halafu mtu anatoboa, wakati pengine wengi hawakutoboa na hakuna aliyewauliza.

Hilo nalikubali lote. Lakini tujiulize pia hayo madodoso na mitihani ya kupima imetupa nini. Tume ya Makweta, ile ya kuangalia elimu ya Tanzania, mwaka 1982 ilipendekeza Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia mpaka sekondari, serikali haikufanya hivo, na tangu hapo tumepima na kupima tena, ukaja hadi mradi wa LOITASA uliolinganisha sisi na Afrika Kusini kuanzia 2002. Jibu linarudi lilelile, kwamba wanafunzi wengi hawaelewi lugha wanayofundishiwa. Sawa, tumeelewa. Ila mtoto asiyeelewa anafanya nini dakika ile? Anajifichaje asijulikane? Anaanza lini kujiona yeye ni mjinga, wakati mwaka mmoja nyuma alikuwa anaongoza darasa? Huko dodoso halifiki, kwa sababu kwenye dodoso mtoto anaweka tiki kwenye "nakubali kwa kiasi" anageuza karatasi.

Wanaosema mtu mmoja hatoshi ningependa waangalie kazi ya Richard Schmidt, Mmarekani mtaalamu wa isimu aliyekaa Rio de Janeiro miezi mitano akajifunza Kireno kama mtu yeyote, darasani kidogo na mtaani sana, na akawa anaandika dayari ya kila anachokiona kwenye kujifunza kwake. Mpaka hapo unaweza kusema ni stori. Kilichoifanya iwe utafiti ni kwamba alikuwepo Sylvia Frota, mwenyeji wa lugha hiyo na mtafiti pia, na mazungumzo yao yalirekodiwa mara kadhaa katika kipindi hicho, kwa hiyo kukawa na vitu viwili, dayari inayosema mimi nadhani najifunza hivi na kanda inayosema wewe kwa kweli unaongea hivi. Wakaviweka pamoja, kazi ikatoka 1986. Na pale penye tofauti ndipo palipokuwa na mali. Ilionekana kwamba amesahihishwa mara nyingi kwenye mazungumzo na wala hakujua kama anasahihishwa. Kuna vitu vilifundishwa darasani na havikuingia kwenye maongezi yake, mpaka siku alipoandika kwenye dayari kwamba ghafla ameanza kusikia mambo ambayo hakuwa anayasikia, na watu walikuwa wakiyasema mbele yake siku zote. Kutokana na hapo mwaka 1990 akaja na hoja kwamba usichokitambua masikioni hukijifunzi, hoja ambayo wataalamu wa kujifunza lugha wanabishana nayo mpaka leo. Imetoka kwa mtu mmoja na daftari lake! Kweli, alikuwa mwanaisimu, sikio lake halikuwa la kawaida, hilo wapinzani wake wanalisema na wana haki. Lakini hakuna dodoso ambalo lingeweza kumuuliza mtu ni kitu gani hukisikii.

Na hata nje ya lugha, Ebbinghaus, mwanasaikolojia wa Ujerumani, alipochunguza jinsi binadamu anavyosahau, kazi iliyotoka 1885, mtu aliyepimwa alikuwa yeye mwenyewe peke yake, na watu walioirudia miaka zaidi ya mia baadaye, 2015, wakapata mchoro unaofanana na wake.

Sasa turudi kwa yule mwanafunzi, manake rasimu yake ilikuwa na kitu ambacho naona msimamizi alikipita haraka. Mama yake alikuwa amemtunzia madaftari ya fomu wani. La baiolojia lina noti za Kingereza zilizonakiliwa ubaoni kwa kalamu, na pembeni kuna maneno madogo ya Kiswahili kwa penseli, pale kwenye photosynthesis kaandika usanisinuru, yani kitu alichokijua tangu shule ya msingi na angeweza kukieleza vizuri tu kama angeulizwa kwa lugha yake. Ukifunua mbele penseli inapungua, na kufika mwisho wa mwaka hamna kabisa, ni kalamu tupu, mwandiko safi, mistari imepigwa kwa rula. Yeye kwenye simulizi aliandika kwamba alizoea Kingereza mapema. Daftari linaweza kusema amezoea, na linaweza kusema aliacha kujaribu kuelewa akabaki ananakili. Akaenda kuangalia mazoezi ya kipindi hicho, majibu ni sentensi zilezile za noti, neno kwa neno, na anaandika mwenyewe kwamba hapo ilibidi asimame aanze upya sura nzima. Mi hapo sioni uvivu wowote. Huyu ameweka shahidi anayeweza kumkatalia, halafu akamsikiliza.

Ndo maana nadhani mgogoro wenyewe umewekwa pabaya. Kutumia uzoefu wako na kusimulia tu ni vitu viwili tofauti, na ninachokidai mimi ni kile cha kwanza, chenye tarehe, chenye karatasi, chenye mtu mwingine aliyekuwepo. Simulizi tupu ya nilivyoteseka na nilivyoshinda hata mimi ningeirudisha.

Lile la waliofika kuandika peke yao linabaki zito, lakini dawa yake ni kuwapa daftari wengi zaidi, siyo kuwanyang'anya wachache. Bonny Norton, mtafiti wa kujifunza lugha, alifanya hivo Kanada mwanzoni mwa miaka ya 1990, aliwapa dayari wanawake watano wahamiaji waliokuwa wanajifunza Kingereza, na alichokikuta kiliwatikisa waliokuwa wanasema mtu akiwa na hamasa ataongea tu. Walikuwa na hamasa ya kutosha, ila mahali pa kazi hawakuhesabiwa kama watu wa kuongea nao, wakawa wanakaa kimya. Martina, mmoja wao, alikuwa anaanza kuzungumza anapojiona ni mama wa familia yake na siyo mhamiaji. Hebu fikiria kijana wetu aliyeishia fomu foo, sa hivi anaendesha bodaboda na anabishana bei na mtalii kwa Kingereza ambacho darasani hakikumtoka, akiandika hata kurasa chache tu, au akirekodi kwa simu kama kuandika hataki.

Ambapo sina jibu safi ni kwa yule mwalimu. Kwenye rasimu yupo mwalimu wa Kingereza mwenye fimbo, jina limebadilishwa, lakini shule ile mwaka ule ilikuwa na mwalimu mmoja tu wa Kingereza na kijiji kizima kinamjua. Wapinzani wakisema hii njia inamfichua mtu ambaye hakuulizwa, wamesema kweli. Maoni yangu ni kwamba apelekewe sura hiyo aisome kabla haijaenda popote, pengine naye atakuwa na la kusema kuhusu kufundisha watoto kibao kwa lugha ambayo yeye mwenyewe aliipata kwa shida. Na akisema haikuwa hivo, iandikwe hapohapo chini ya maneno ya mwanafunzi, kwa maneno yake yeye mwalimu, bila kukatwa.