Planet Rock haikukatwa kutoka Kraftwerk

Kuna makala inayosema mtayarishaji Arthur Baker alikata vipande vya rekodi za Kraftwerk, bendi ya muziki wa elektroniki ya Ujerumani, kutengeneza “Planet Rock” (1982), wimbo wa hip-hop wa Afrika Bambaataa. Hapana. Mpiga kinanda John Robie aliipiga upya melodi ya wimbo wao “Trans-Europe Express” kwa sinthesaiza, na ngoma zikapangwa upya kwenye Roland TR-808, mashine ya ngoma, kwa kufuata wimbo wao mwingine, “Numbers”. Hata ile sauti ya roboti si vokoda (kifaa cha kuigeuza sauti ya mtu iwe ya kimashine), ingawa kila mtu huapa ndiyo: ni Lexicon PCM41, mashine ya mwangwi, imewekewa ucheleweshaji mfupi mno.

Mnaoiga kiki (ngoma ya besi) ya 808, angalieni kitufe cha Decay, kinachorefusha mkia wa sauti yake. Kwa kasi ya midundo kama 127 kwa dakika, ukikizungusha sana mkia wa kiki moja unavamia inayofuata, spika zinavuma tu. Kirudisheni nyuma kwanza, ndipo muongeze sauti.